Chanjo kwa Watoto Wote, ao kwa Walio Hatarini Tu?

Tuseme mama mmoja wa Congo anakaa pamoja na mume wake katika mji fulani wa Uingereza. Amezaa mtoto wa kike. Siku chache zikapita, akapata barua: mlete mtoto, apewe chanjo ya kifua kikuu. Mama akafurahi, maana kwao Bukavu kila mtoto huchanjwa akiisha kuzaliwa, na yeye mwenyewe ana kovu lake mkononi. Lakini alipomwuliza jirani yake Mwingereza, aliyezaa juma lile lile, jirani akajibu: «Mimi sikupata barua.» Hapo furaha ya mama ikageuka mashaka. Kwa nini mtoto wangu, na si wake? Je, wanatuona sisi kuwa watu wachafu? Ao labda ni upendeleo, na kesho jirani atanikasirikia?

Ndugu wasomaji, swali la mama huyu si la upuuzi. Wakubwa wa serikali na waganga wenye elimu nyingi wamelibishania kwa miaka mingi. Njia ziko mbili. Ya kwanza ni kuchanja watoto wote pasipo kuchagua. Ya pili ni kuwachagua wale ambao hatari iko karibu nao zaidi, na kuwaacha wengine. Ipi ni ya haki?

Wengi hujibu upesi: «Haki ni kuwapa wote sawasawa.» Sisi tunaona kwamba jibu hilo ni la haraka mno. Baba mwenye watoto watano hawanyweshi wote dawa ya homa kwa sababu mmoja ana homa. Lakini pia baba anayemwita mtoto yule yule kila mara mbele ya wengine anaweza kumtia haya. Basi, kabla ya kuhukumu, tuulize historia. Imejaribu njia zote mbili, na kila moja imetuachia fundisho lake.

Mtoto wa kwanza

Tuanze Lille, mji wa kaskazini ya Ufaransa. Huko walifanya kazi watu wawili: Albert Calmette, mganga wa watu, na Camille Guérin, mganga wa wanyama. Mwaka 1908 walitwaa kidudu cha kifua kikuu cha ng'ombe, wakakilea juu ya vipande vya viazi vilivyopikwa katika nyongo ya ng'ombe. Kila baada ya majuma machache walikihamisha juu ya viazi vipya. Walifanya hivyo mara 230, muda wa miaka 13. Vita ya 1914 ikaja, Wajerumani wakauteka mji, vyakula vikapungua, lakini kazi haikukoma. Mwishoni kidudu kikapoteza ukali wake. Kiliweza kuufundisha mwili kujikinga, lakini hakikuweza tena kuuangamiza. Ndiyo dawa tunayoiita mpaka leo B.C.G., kwa majina ya wale wawili.

Sasa ikawapasa kumpa mtu kwa mara ya kwanza. Wampe nani? Mwezi wa Julai 1921, katika Paris, mganga Weill-Hallé na mwenzake Turpin walimpa mtoto mchanga mmoja. Hawakumpiga sindano, walimnywesha. Mtoto huyo hakuokotwa ovyo. Mama yake alikuwa na kifua kikuu, akafa baada ya kumzaa. Mtu aliyebaki wa kumlea alikuwa nyanya yake, na nyanya naye alikuwa mgonjwa wa kifua kikuu. Mtoto angelala katika chumba kile, angekoholewa usiku na mchana. Waganga walijua vema mwisho wa watoto wa namna hiyo. Wakampa dawa; mtoto akaishi, wala ugonjwa haukumshika.

Tuangalie jambo hili vizuri. Chanjo ambayo leo watoto milioni nyingi huipata kila mwaka ilianza kwa mtoto mmoja tu, na alichaguliwa kwa sababu hatari yake ilikuwa kubwa. Hatuoni kosa katika uchaguzi huo. Dawa ilikuwa mpya, hakuna aliyejua kwa hakika itafanya nini. Kumpa mtoto ambaye hakuwa na la kuogopa, hilo lisingalikuwa haki. Dawa na hatari hupimwa kwenye mizani moja: hatari ikiwa nzito, mtu huweza kukubali dawa isiyojulikana vema; hatari ikiwa nyepesi, hawezi.

Na mizani hiyo si maneno matupu. Mwaka 1930, katika mji wa Lübeck, Ujerumani, watoto wachanga karibu 250 walinyweshwa dawa hiyo. Lakini pale ilipotengenezwa ilikuwa imechanganyika na vidudu vikali vya kifua kikuu. Watoto zaidi ya 70 walikufa. Dawa ya Calmette yenyewe haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa la mikono iliyoitengeneza. Lakini wazazi wa Ulaya hawakusahau upesi kwamba kila chanjo, hata ile njema, ina mzigo wake.

Kutoka mmoja kufika wote

Baada ya vita ya pili, kifua kikuu kilikuwa katika kila mtaa wa Ulaya. Nyumba zilikuwa zimebomolewa, watu walibanana, walikula kidogo. Mwaka 1950 Ufaransa ilitoa sheria kwamba watoto wote wachanjwe. Mwaka 1953 Uingereza ilianza kuwachanja wanafunzi wenye umri wa miaka 13 hivi, wakati walipokuwa karibu kuacha shule na kuingia kazini.

Kwa nini wote? Kwanza, kwa sababu hakuna aliyeweza kusema: nyumba hii ina hatari, ile haina. Ugonjwa ulikuwa kwa mchimba makaa, tena kwa karani, tena kwa mwalimu. Pili, kwa sababu kitu cha wote hakimtii mtu haya. Watoto walipanga mstari, wakavua koti, wakanyosha mkono. Mtoto wa tajiri alirudi nyumbani na kidonda kile kile cha mtoto wa maskini. Kwa miaka 50 kovu lile la mkononi lilikuwa kwa Waingereza ukumbusho wa shule tu, wala hakuna aliyemwuliza mwenzake amelipata kwa sababu gani.

Kwetu Congo ndivyo ilivyo mpaka leo. Kifua kikuu bado kiko katika kila jimbo, basi B.C.G. ni ya kila mtoto anayezaliwa. Kuchagua hapa kungekuwa upumbavu, maana tungemwacha nani?

Kutoka wote kurudi kwa wachache

Lakini katika Ulaya mambo yaligeuka. Nyumba zikajengwa, chakula kikapatikana, na tangu miaka ya 1940 zilipatikana dawa za kuponya kifua kikuu, ya kwanza ikiwa streptomisini. Ugonjwa ukapungua mwaka kwa mwaka. Hapo mizani ikaanza kuinama upande mwingine.

Maana B.C.G. ina uwezo wake na mpaka wake. Inawakinga vizuri watoto wadogo na kifua kikuu cha ubongo, na kile kinachotapakaa mwili mzima, ambacho huua upesi. Lakini kifua kikuu cha mapafu kwa watu wazima haikizuii sana. Na mara chache huleta jipu, ao uvimbe wa matezi. Na kwa mtoto aliyezaliwa bila nguvu ya kujikinga yaweza kuleta ugonjwa mkubwa. Pahali ambapo ugonjwa umejaa, mzigo huo ni mdogo ukilinganishwa na faida. Pahali ambapo mtoto anaweza kukua na kuzeeka bila kukutana na mgonjwa hata mmoja, lazima kuuliza: je, tunawachoma maelfu kwa ajili ya nani?

Uswidi iliacha kuchanja watoto wote mwaka 1975, ikabaki na wale wenye hatari zaidi. Uingereza iliacha desturi ya shule mwaka 2005, Ufaransa iliondoa lazima mwaka 2007. Sheria ya Uingereza ilikuwa hivi: mtoto mchanga achanjwe kama anakaa katika wilaya ambamo kila mwaka watu 40 ao zaidi kwa kila watu 100,000 hushikwa na kifua kikuu, ao kama baba, mama, babu ao nyanya yake amezaliwa katika inchi yenye ugonjwa kiasi hicho. Congo ni moja ya inchi hizo. Kwa hiyo mama yetu alipata barua, na jirani yake hakupata.

Je, jirani ameibiwa kitu? Hapana. Mtoto wake hakunyimwa kinga anayoihitaji. Ameondolewa mzigo asioustahili. Je, mtoto wa Congo ametukanwa? Hapa tusijibu haraka.

Angalieni kwamba sheria hiyo ina vichwa viwili. Kichwa cha kwanza kinatazama pahali: wilaya yenye ugonjwa mwingi, watoto wake wote huitwa, weupe kwa weusi, wenyeji kwa wageni. Ufaransa nayo ilipoondoa lazima ilifanya hivyo hivyo kwa jimbo zima la Paris na pande zake: ilishauri watoto wote wa huko wachanjwe. Pale hakuna anayeulizwa babu yake ni nani. Kichwa cha pili kinatazama jamaa, na hapo muuguzi hana budi kuuliza: «Wazazi wako walizaliwa wapi?»

Swali hilo moja laweza kutoka katika vinywa viwili. Askari wa mpakani huliuliza apate kumfukuza mtu. Muuguzi huliuliza apate kumkinga mtoto. Lakini mama aliyekwisha kuulizwa mara nyingi na yule wa kwanza, atajuaje kwamba huyu wa pili ni mwingine? Lazima aelezwe. Aambiwe wazi kwamba hatari haimo katika damu wala katika ngozi. Iko katika safari na katika ujamaa: shangazi anayekuja kutembelea na kikohozi chake, likizo ya miezi miwili kwa nyanya, kitanda kimoja kwa watoto wanne. Hata mtoto mweupe ambaye nyanya yake amezaliwa katika inchi yenye ugonjwa mwingi huitwa kwa sheria ile ile. Neno hilo likisemwa vizuri, barua ni msaada. Likinyamaziwa, kovu ambalo zamani lilikuwa la wanafunzi wote linakuwa alama ya jamaa za wageni.

Wasichana peke yao

Sasa tutazame chanjo nyingine, ambayo kuchagua kulionekana kuwa haki kabisa, kumbe kulikosa neno moja.

Rubela ni kama ndugu mdogo wa surua. Mtoto hupata homa kidogo na vipele, siku tatu zikipita anacheza tena. Hakuna aliyeuogopa ugonjwa huo mpaka mwaka 1941. Mwaka huo mganga wa macho wa Sydney, katika Australia, jina lake Norman Gregg, aliona watoto wachanga wengi wenye mtoto wa jicho. Alipochunguza habari za mama zao aliona kwamba karibu wote walishikwa na rubela wakati mimba ilipokuwa changa. Ugonjwa mwepesi kwa mtoto aliyezaliwa ulikuwa msiba kwa mtoto ambaye hajazaliwa. Katika miaka 1964 na 1965 rubela ilienea Marekani, na watoto karibu 20,000 walizaliwa na madhara yake: vipofu, viziwi, wenye ugonjwa wa moyo.

Dawa ya chanjo ilipopatikana mwaka 1969, inchi mbili zilifuata njia mbili. Marekani iliwachanja watoto wadogo wote, wavulana na wasichana. Uingereza, mwaka 1970, ilichagua wasichana wa shule tu, wa miaka 11 mpaka 13. Walisema: mvulana hatabeba mimba kamwe, kwa nini achomwe sindano kwa ugonjwa usiomdhuru? Apewe mwenye hatari, mwingine aachwe na amani yake. Tena feza zitabaki.

Maneno hayo yana akili. Na kweli watoto waliozaliwa na madhara walipungua. Lakini hawakwisha. Ugonjwa uliendelea kuzunguka kwa wavulana na kwa watoto wadogo kama zamani. Msichana ambaye siku ya sindano hakuwako shuleni, ao mwanamke aliyefika Uingereza akiwa mtu mzima, alibaki bila kinga. Naye hakushikwa na ugonjwa mbali. Alishikwa nyumbani mwake, na mtoto wake wa kwanza aliyetoka nao shuleni, ao na mume wake aliyerudi nao kazini. Mwaka 1988 Uingereza iliamua kuchanja watoto wote, wa kiume na wa kike, katika mwaka wa pili wa maisha yao, pamoja na surua na matubwitubwi.

Fundisho ni hili: aliye hatarini na aletaye hatari si lazima wawe mtu mmoja. Tukimwekea kinga mmoja tu, tunamwachia mzigo wote yule anayeumizwa, na yule anayeueneza ugonjwa anakaa bila kufanya kitu. Mvulana anayechomwa sindano ya rubela hajikingi sana nafsi yake; anamkinga dada yake, na siku moja mke wake na mtoto wake. Je, kumwomba hivyo ni kumwonea? Sisi hatuoni hivyo, mradi sindano ni salama, na wote wanachangia sawasawa.

Ugonjwa wa ini: waliochaguliwa hawakuja

Hadithi ya tatu ni ya hepatiti B, ugonjwa wa ini, ambao baada ya miaka mingi waweza kuleta kanseri ya ini. Chanjo yake ilikubaliwa Marekani mwaka 1981. Mwaka 1982 waganga wakuu walishauri wapewe wenye hatari tu: wauguzi wanaoshika damu, watu wajipigao sindano za madawa ya kulevya, wanaume walalao na wanaume, watu wa nyumba ya mgonjwa, na wengine wa namna hiyo. Chanjo ilikuwa ya bei kali, basi ilionekana vema kuanza nao.

Lakini chanjo haimwendei mtu yenyewe. Apate kuchanjwa, ilimpasa mtu ajitokeze mbele ya muuguzi na kukiri: mimi ni wa kundi lile. Nani angefanya hivyo kwa furaha? Wengi hawakuja. Wengine hawakujua kwamba wamo hatarini. Na wagonjwa wapya walipoulizwa, karibu mmoja katika kila watatu hakuonekana kuwa wa kundi lo lote lililoandikwa. Tena kulikuwa na jambo zito zaidi. Mtu mzima akipata vidudu hivi, mara nyingi mwili wake huvifukuza. Lakini mtoto mchanga akivipata kwa mama yake wakati wa kuzaliwa, watoto 9 katika 10 hubaki navyo maisha yao. Kumbe aliye na hatari kubwa kuliko wote alikuwa katika utoto wake, na orodha ya watu wazima haikumwona.

Mwaka 1988 ilishauriwa kwamba mama wajawazito wote wapimwe. Mwaka 1991 ilishauriwa kwamba watoto wachanga wote wachanjwe. Hawakufanya hivyo kwa kuwa watoto wote walikuwa na hatari sawa. Walifanya hivyo kwa kuwa njia ya kuchagua ilikuwa imeshindwa kuwafikia wenye hatari. Wala mabishano hayajaisha. Mwezi wa Desemba 2025 kamati ya chanjo ya Marekani ilipiga kura kwamba chanjo ya siku ya kuzaliwa isishauriwe tena kwa kila mtoto. Kwa mtoto wa mama aliyepimwa na kuonekana hana vidudu, wazazi na mganga waamue wenyewe. Waganga wengi walipinga, wakikumbusha miaka ile ya 1980.

Walakini, tusiseme kwamba kuchagua hushindwa daima. Katika Marekani ile ile, huko Alaska kwenye barafu, wenyeji wa asili walikuwa na hepatiti B nyingi kuliko watu wengine wa inchi hiyo, hata watoto wao walishikwa na kanseri ya ini. Viongozi wao hawakungoja kuandikwa kwenye orodha. Wao wenyewe waliidai chanjo. Tangu miaka ya kwanza ya 1980 watoto wao wachanga walichanjwa, kijiji kwa kijiji. Baada ya miaka kumi na mitano hivi, kanseri ya ini ilikuwa imetoweka kwa watoto wao. Hapa vilevile watu walichaguliwa kwa asili yao. Lakini waliokuwa na hatari ndio waliopaza sauti, na wauguzi walifika kweli mpaka mlangoni pao. Hakuna aliyeona haya.

Na kwetu?

Msomaji atasema: mambo haya ni ya Ulaya na Marekani, sisi tuna shida ya kupata chanjo, si ya kuchagua. Ngoja, ndugu.

Mwaka 1970, katika hospitali ya Basankusu, Equateur, aliletwa mtoto wa kiume wa miezi 9 mwenye vipele kama vya ndui. Alikuwa mtu wa kwanza kujulikana duniani kuwa na ugonjwa tunaouita leo mpoksi. Chanjo ya ndui hukinga na mpoksi pia. Katika jamaa ile yeye peke yake alikuwa hajachanjwa. Akapona vipele vyake, lakini kabla ya kurudi nyumbani akashikwa na surua, akafa. Mwaka 1980 OMS ilitangaza kwamba ndui imekwisha duniani, na chanjo yake ikaachwa pote. Kuiacha kulikuwa kwa haki, maana hakuna aliyepaswa kubeba mzigo wa dawa ya ugonjwa uliokufa. Lakini tangu hapo kila mtoto anayezaliwa katika misitu yetu ni kama yule wa Basankusu.

Mpoksi ilipoenea mwaka 2024, zaidi ya nusu ya wagonjwa wa Congo walikuwa watoto chini ya miaka 15, na waliokufa wengi walikuwa watoto. Chanjo zilifika Kinshasa mwezi wa Septemba, na kazi ikaanza Goma tarehe 5 Oktoba 2024. Zilikuwa chache, kwa hiyo ilipasa kuchagua: wauguzi, watu waliokaa karibu na wagonjwa, na wengine wenye hatari. Uchaguzi huo ulikuwa wa akili. Lakini dawa iliyofika ilikuwa imekubaliwa kwa watu wazima. Japani ilikuwa na chanjo iwezayo kupewa watoto, ikaahidi kuitoa, na mwezi wa Novemba OMS ikaikubali kwa watoto waliopita mwaka mmoja. Watoto ikawapasa kungoja.

Hatumlaumu mtu. Dawa isiyojulikana kwa watoto haifai kupewa watoto ovyo, tumeona Lübeck. Lakini tuseme kweli: orodha ya «wenye hatari» iliyokosa wale wanaokufa zaidi ni orodha pungufu. Na sababu yake ilianza zamani, wakati ambapo chanjo ya mpoksi ilitayarishwa kwa kufikiri juu ya watu wazima wa inchi nyingine, na si juu ya mtoto wa kijiji chetu.

Maswali matatu

Basi, tukikusanya yote, tunaona kwamba haki haimo katika neno «wote» wala katika neno «wachache». Mtu akitaka kujua kama chanjo ya wachache ni ya haki, na aulize maswali matatu.

La kwanza: je, hatari yenyewe ni ya kweli, imepimwa kwa hesabu, ao ni zarau tu iliyovaa koti jeupe la mganga? Kwa kifua kikuu katika Uingereza hesabu ipo, na kila mtu aweza kuiona.

La pili: je, waliochaguliwa wanafikiwa? Kuwataja katika kitabu na kuwangoja mlangoni si kuwasaidia. Marekani ilingoja miaka tisa, Alaska iliwaendea.

La tatu: je, mzigo na faida vinakwenda pamoja? Ikiwa ni mmoja anayechomwa na mmoja huyo huyo anayekingwa, vema. Lakini ikiwa ugonjwa unapita kwa wote na kuumiza mmoja, wote watie mkono.

Na mama yetu, tumjibu nini? Tumwambie: mama, barua ile si tusi wala si upendeleo. Mtoto wa kwanza wa B.C.G., yule wa Paris, alichaguliwa kwa sababu nyanya yake alikuwa anakohoa. Mtoto wako amechaguliwa kwa sababu nyanya yake yuko Bukavu, naye atataka kumpakata, na ni haki yake kumpakata. Mpeleke mtoto. Muuguzi akikuuliza wazazi wako walizaliwa wapi, mjibu bila haya, halafu umwulize nawe: «Kwa nini unataka kujua?» Kama ni muuguzi mwema, atakaa chini na kukueleza. Na jioni, jirani akiuliza kidonda kile kidogo ni cha nini, utakuwa na la kumwambia.